Saa ya Kwendea Kazini

Nilikuwa nimekaa mkekani chumbani kwa mama, miguu nimeinyoosha, mikono nimeilaza juu ya mito miwili, hina mbichi kutoka ncha za vidole mpaka karibu na viwiko, wakati shangazi yangu alipoamua kuivunja saa yangu. Yeye hakusema kuivunja. Alisema ataipunguza.

Saa yenyewe ilikuwa imeingia nyumbani adhuhuri ile, ndani ya begi la biharusi lililoletwa na wanawake wa upande wa mume, pamoja na khanga, manukato, viatu, na vitambaa ambavyo vingine mpaka leo sijavishona. Ilikuwa saa ya kike ya kawaida, uso mweupe, mkanda wa chuma wenye pingili ndogondogo zilizoungana kwa pini. Hakuna aliyeishangilia. Kila doti la khanga liliinuliwa juu likapigiwa vigelegele, na walipofika kwenye saa, wakakifungua kiboksi chake, wakaitazama, wakaiweka chini. Mama mmoja aliuliza kama hiyo ni mahari kweli au mtoto kapasi mtihani.

Ilikuwa mahari. Na niliitaja mwenyewe.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kisiwani Kojani, na Kojani hakufikiki ila kwa mashua. Kila siku ya kazi nilitoka kwetu Gombani kukiwa bado na kiza, nikateremka mpaka pwani, na nikichelewa kidogo tu nilikuta mashua imeshasogea na wanafunzi wangu wa ng'ambo wanacheza mpira badala ya kusoma. Saa nilikuwa nayo, ya chuma vilevile, ya bei ya sokoni, na mkanda wake niliupunguza mimi mwenyewe katika chumba cha walimu kwa kibanio cha karatasi nilichokinyoosha. Maji ya chumvi yakaiua. Tangu hapo nikawa nabahatisha kwa adhana na kwa simu iliyokwisha chaji.

Mchumba wangu aliponiuliza kwa simu nataka mahari gani, nilimwambia saa. Akacheka. Akauliza, ya dhahabu? Nikamwambia ya chuma, ya kwendea kazini. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akasema, "In shaa Allah." Mimi nikalichukua neno hilo nikaenda nalo jikoni nikiimba.

Sikumuuliza waziwazi kama ataniacha niendelee kufundisha. Niliogopa. Ukimuuliza mtu umempa nafasi ya kukataa, na mimi nafasi hiyo sikutaka kuitoa. Nikajiambia kwamba mwanamume anayemnunulia mke saa ya kwendea kazini, basi na kazini kwenyewe ameshakubali aende. Kwa hiyo ile saa, iliyowekwa chini bila kigelegele, ndiyo niliyoiangalia kupita vyote vilivyokuwa ndani ya begi. Nilitaka siku ya harusi iwe mkononi mwangu, imekaa sawasawa, kila mtu aione, na yeye aione.

Tatizo lilikuwa kipimo. Kabla sijawekwa ndani, somo wangu alinipima mkono kwa uzi mweusi, akaufunga fundo, ukapelekwa kwa upande wa mume ili saa ije imekwisha kupunguzwa. Somo ni yule mama anayemlea biharusi siku zote za kukaa ndani, akamsinga, akamlisha, akamfundisha ya ndoa, na wangu alikuwa mkali hata kwa paka. Basi saa ikaja vilevile ilivyotoka dukani, na uzi wetu umeviringwa juu yake ndani ya kiboksi. Ndiyo kusema: punguzeni wenyewe. Shangazi aliijaribu mkononi mwake, na mkono wa shangazi si mdogo, ikamzunguka mpaka karibu imtoke.

"Kesho mama mkwe aja kumtazama," alisema. "Akimkuta hana saa, atasema mahari ya mwanawe tumeidharau. Akimkuta nayo yacheza hivi, atasema tumempa mwanawe ntoto wa kuazima."

Mama yangu alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Akasema ipelekwe kwa fundi saa mjini Chake, si mbali, mtu ataenda na kurudi kabla ya alasiri. Somo akamgeukia.

"Kitu cha kugusa ngozi ya biharusi hakitoki nje kabla hajakivaa. Weye wajua kitapita mikono ya nani?"

Hoja hiyo kwetu haina jibu. Hata mama, ambaye nusu ya mambo ya somo alikuwa akiyacheka pembeni, aliuangusha upawa ubavuni. Nikajua fundi hatumwoni.

Shangazi yangu hushona mikeka. Tangu nijue kuona namwona na ukili, anausuka, anauunganisha, anaufumua akikosea, na nadhani kwa sababu hiyo anaamini kila kitu kilichoungwa duniani kinafumuka kwa sindano. Akatoka, akarudi na sindano yake kubwa ya mikeka, mbuzi ya kukunia nazi, na mchi mdogo wa kutwangia vitunguu thomu. Mbuzi akaifanya meza. Akailaza saa yangu juu ya kiti cha mbuzi, uso chini, akaichomeka sindano kwenye tundu la kwanza aliloliona.

Kazi ile si ngumu. Ukiugeuza mkanda ukautazama kwa ndani, utaona vishale vidogo vimechorwa kwenye zile pingili zinazotoka. Pini husukumwa kufuata kishale, ikirudishwa inarudi kwa kinyume chake. Tena unatoa pingili za upande huu na za upande ule, kwa usawa, ili kifungio kibaki chini ya mkono na uso wa saa ubaki juu. Ukitoa upande mmoja tu, saa nzima inakwenda kombo. Haya yote niliyajua, nilishayafanya, na nilikuwa umbali wa kuweza kuigusa ile mbuzi kwa mkono. Ila mkono wenyewe ulikuwa umejaa maua.

"Shangazi," nikasema, "itazame kwa ndani. Kuna vishale."

"Biharusi hana maneno," somo akasema, akanitia tonge la haluwa mdomoni.

Haluwa ya Wete ni nzito. Hutafuni ukasema. Nikawa naisukuma kwa ulimi huku namwona shangazi ameinua mchi. Akapiga. Sindano ikateleza, ikaacha mkwaruzo kwenye chuma. Akapiga tena. Sauti ya mchi ule naijua tangu utotoni, ni sauti ya mchuzi unaotengenezwa, na sasa ilikuwa juu ya mali yangu. Chumba kikanuka thomu.

"Upande wa pili," nikasema nilipomeza. "Sukuma kutoka upande wa—"

Tonge jingine.

Nikajaribu kuonyesha kwa kidevu. Nilikinyoosha kidevu kuelekea vishale, nikakirudisha, nikakinyoosha tena, nikakodoa macho. Shangazi akaniangalia kwa huruma.

"Huyu ana kiu," akasema. "Mnywesheni maji."

Nikanyweshwa maji. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu zimezoea kutoka kwa mikono: nikikasirika nafua, nachota maji, nafuta ubao mpaka chaki inapaa. Siku ile hazikuwa na pa kutokea. Zilinikaa hapa, chini ya shingo, na haluwa ikishuka inazipita.

Lililoniumiza zaidi si mchi. Mahari ni ya biharusi. Hili hakuna asiyelijua, limesemwa misikitini, limesemwa darsani, somo mwenyewe alinifundisha juzi yake: mahari ni yako peke yako, hata baba yako hana ruhusa ya kuigusa bila ya idhini yako. Na hapo hapo, mbele yangu, inapigwa mchi wa thomu, na hakuna aliyefikiria kuniuliza. Hawakufanya kwa ubaya. Walikuwa wananihangaikia. Shangazi alikuwa anatokwa na jasho kwa ajili yangu. Ukionewa na anayekuchukia unajua pa kumtazama. Mimi nilimtazama shangazi na jasho lake la mapenzi nikakosa hata pa kuelekeza uso.

Pini ya kwanza ikatoka. Shangazi akapiga kigelegele chake mwenyewe. Baada ya hapo akapata kasi: akatoa pingili, akaufuata mkanda palepale alipoanzia, pingili baada ya pingili, upande uleule mmoja, huku somo ameshika uzi mweusi na kuulinganisha.

"Bado kidogo. Toa na hiyo."

Nikautazama uzi, na hapo nikaona kosa lililokuwa kubwa kuliko vishale. Uzi ule ulipimwa kabla sijawekwa ndani. Tangu nimewekwa ndani sikuwa nimeinua hata ndoo. Nililetewa uji, nikaletewa kuku wa nazi, nikaletewa maziwa, na nikikataa somo ananishika kidevu. Ndiyo kazi ya kuwekwa ndani, mtoto wa watu atoke amejaa. Mkono uliopimwa ulikuwa wa mwalimu anayeparamia mashua kila siku. Uliolala juu ya mto ulikuwa mkono wa biharusi, umeviringika, hata mfupa wa kifundo ulikuwa umezama.

"Uzi huo wa zamani!" nilisema, na haluwa mdomoni. "Nimenenepa!"

Wakacheka wote. Somo alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya khanga. Aliona nimemsifu.

Mama aliingia kwa kelele zile. Nilimtazama. Mama yangu alikuwa akijua kwamba saa ya kwanza niliitengeneza mwenyewe, nilimwonyesha nikiwa nimejawa na majivuno, na nilipomtazama nikaona amelikumbuka. Akamwambia wifi yake, kwa sauti ya kuomba, "Mwacheni aifanye mwenyewe, hina ikishakauka."

"Kesho?" shangazi akajibu bila kuinua kichwa. "Kesho na nkono gani? Kesho ni wa kupambwa huyu."

Mama akaniinamia, akanipangusa jasho la kipaji cha uso kwa khanga yake, akaninong'oneza, "Vumilia, mwanangu. Ni siku moja tu." Akarudi kwenye masufuria yake. Nilitaka kulia, nikaogopa machozi yatadondokea hina na kuharibu maua, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nikainua uso nikaangalia dari mpaka yakarudi.

Walipomaliza, mkanda ulikuwa sawasawa na uzi. Shangazi alizigonga pini zikarudi, nyingine zimepinda, na kifungio akakigonga vilevile kwa ihtiati, kisije kikafunguka mbele ya wageni. Pingili zilizotoka zilikuwa zimebaki juu ya mbuzi. Nikawaambia waziweke ndani ya kiboksi, na safari hii nilisema mdomo mtupu na kwa sauti, wakanisikia. Somo akazikusanya kiganjani, akazihesabu kwa macho, akafunga kiganja.

"Vitu vya biharusi haviachwi ovyo," akasema. "Ntu akiokota kimoja tu, kakuokota weye."

Akatoka nje. Nikasikia kandambili zake zikizunguka ua, mlango wa choo ukalia, kisha akarudi akipangusa mikono, ametulia kama mtu aliyefanya wema. Kile choo chetu ni cha shimo. Hakuna kinachorudi kutoka humo.

Siku ya pili nikapambwa. Ilipofika zamu ya saa, shangazi alinishika mkono, somo akanishika bega, na mkanda ukafungwa kwa kusukumwa. Ulilia. Kwa sababu pingili zote zilitolewa upande mmoja, kifungio kilipanda kwenye mfupa wa ubavuni mwa mkono, na uso wa saa ukateremka kuelekea kiganjani, kiasi kwamba kusoma wakati ilinibidi nigeuze mkono kama anayeomba. Mama mkwe alikuja, akakaa mbele yangu, akanishika vidole, akajaribu kuigeuza saa aitazame, isigeuke. Akaridhika.

"Yamkaa vizuri," akasema. "Haimtoki tena."

Wakapiga vigelegele. Safari hii na saa nayo ilipigiwa.

Nikapelekwa Wete, nyumbani kwa mume wangu, ambako anaishi na mama yake. Fungate ikaanza. Sikuweza kuivua ile saa kwa mkono mmoja, kifungio kilikuwa kimebana kwa kipigo cha shangazi, nami nilikuwa na haya ya kumwomba msaada mtu niliyekuwa namjua zaidi kwa sauti kuliko kwa uso. Nikawa nalala nayo. Chini yake ngozi ikawasha, ikawa nyekundu, ikachimbika. Taabu yangu kubwa ilikuwa udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi, na ile saa haikuruhusu hata tone kupita. Nilikuwa namimina, naichezesha, nasukuma kidole kisichoingia, naswali na shaka moyoni. Adhuhuri moja nilikawia sana mferejini, pale bombani, mume wangu akaja kunitazama, akanikuta nalia kimyakimya na kopo mkononi.

Alinikalisha kitini. Akauchukua mkono wangu akauweka gotini kwake, akakishughulikia kifungio kwa ncha ya ufunguo, polepole, akiniuliza kila mara kama ananiumiza. Ilipofunguka, alama za pingili zilikuwa zimechapika mkononi moja baada ya moja. Alizipitishia kidole.

"Mbona hukusema?"

Nikazitazama zile alama.

"Pingili zake zi wapi? Nitazirejesha mwenyewe."

Nikamwambia ziko chooni kwetu, Gombani. Nikamsimulia mchi, na thomu, na somo na choo chake. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, nami nikacheka, na katika kicheko kile nilimpenda, nalisema bila ya kuona haya, maana ni kweli. Nikaona hapa ndipo. Mtu aliyecheka hivi na wewe utamwambia lolote.

"Pengine fundi wa Chake ana pingili za kufanana nazo," nikasema. "Tukiipeleka mapema, shule zikifunguliwa nitakuwa nayo."

Aliendelea kunisugua mkono. Kidole chake hakikusimama, kilipunguza mwendo tu.

"Shule," akasema. Hakusema kwa ukali. Kisha, "Mama unamwona magoti yake. Na ile mashua ya Kojani, Wallahi, inanitia hofu." Akaitazama saa iliyokuwa kwenye kiganja chake, akaifuta maji kwa kanzu. "Wewe pumzika. Hii tuiweke, isije ikakuumiza tena. Humu ndani una haraka ya kwenda wapi?"

Akainuka akaiweka juu ya kabati, nyuma ya Msahafu, mahali pa heshima kabisa. Akarudi akakaa, akanitazama usoni.

"Au siyo?" akaniuliza.

Wenzangu wa Kojani nikikutana nao sokoni huniuliza niliacha kazi lini. Sijui niwaambie nini. Hakuna siku niliyokwenda kuaga, hakuna aliyenikataza, na mume wangu simtii ubaya, kwa sababu aliniuliza. Katika wote walioishika saa ile, ni yeye peke yake aliyeniuliza swali kisha akanyamaza kungoja nijibu. Alingoja kwa kweli. Mikono yangu ilikuwa huru, na maneno niliyokuwa nayo yalitosha kujaza ubao.

Nikamwambia, "Ndiyo."